Fundi, mbona diski ziko mbili na bado inajikagua?

Maswali ya mwezi huu yamejipanga yenyewe. Umeme umekuwa wa kukatika katika, na watu wenye kompyuta za diski mbili zinazofanana, zile ambazo kila kinachoandikwa diski ya kwanza kinaandikwa na ya pili, wameniletea karibu jambo lile lile: mashine ikiwashwa inakaa inajikagua na kazi zimelala. Nimechagua machache, yanayofanana nimeyaunganisha, na majina nimeyaacha. Hayo ya diski mbili nitayaita reidi kama mafundi wanavyosema, ingawa reidi ziko za aina nyingi na leo naongelea ile ya kioo tu, reidi namba 1.

SWALI: Fundi shikamoo. Nina stationery hapa Mwanza, natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, na kazi za wateja natunza kwenye kompyuta moja ya Debian (aina ya Linux) ambayo kijana aliyenifungia aliniwekea diski mbili za TB 2 kila moja, akasema moja ikifa nyingine inaendelea. Sasa umeme ukikatika, nikiwasha inakaa na maandishi ya kuchek /dev/md0, wakati mwingine dakika arobaini, wateja wamejaa mlangoni. Si diski ziko mbili? Inachek nini tena? Mpwa wangu anasema hiyo kitu tuizime kabisa.

JIBU: Marahaba. Mpwa wako mwambie asubiri kwanza, asiguse kitu.

Diski kuwa mbili ni habari moja, faili kuwa salama ni habari nyingine, na watu wanazichanganya kwa sababu aliyewafungia hakukaa nao akawaeleza. Reidi iko chini kabisa, kazi yake ni kupokea vipande vya data na kuviandika huku na kule, basi, haijui faili ni nini, haijui folda ni nini, haijui kama hiki kipande ni picha ya mteja au takataka. Juu yake ndo kuna mfumo wa faili, kwako bila shaka ni ext4 au ext3, na huo ndo unaojua faili fulani imeanzia wapi imeishia wapi na nafasi gani iko wazi. Hiyo mashine yako ya fotokopi haisomi barua unayoiwekea, barua ikiwa na makosa itakutolea kopi zenye makosa yale yale, safi kabisa zinang'aa, na reidi ndo hivyo hivyo. Umeme ukikatika mfumo wa faili ukiwa katikati ya kuandika, ule upungufu unabaki diski zote mbili.

Kwa hiyo ukikatiwa umeme ghafla unaachiwa matatizo mawili kwa mpigo. La kwanza ni hilo la mfumo wa faili kubaki nusunusu, mfano faili imeshapewa nafasi lakini orodha ya nafasi zilizo wazi bado haijajua, na hilo linashughulikiwa na fsck, programu ya kukagua mfumo wa faili, ndo hiyo unayoiona kwenye skrini. La pili ni kwamba kuna kipande kilishafika diski moja hakijafika ya pili, diski hazifanani tena, na hilo linashughulikiwa na reidi yenyewe: inachagua diski moja na kuinakili juu ya nyingine mwanzo mpaka mwisho, bila kuuliza mtu. Sasa dakika zako arobaini ziko hapo, kazi zote mbili zinafanyika wakati mmoja kwenye diski zile zile, na vichwa vya diski vinakimbia huku na huku. Reidi inajitahidi kuipisha fsck lakini haiachi kabisa. Na ujue TB 2 kwa spidi ya MB 150 kwa sekunde, ambayo kwa diski ya kuzunguka ni spidi nzuri tu, ni karibu masaa manne hata kama hamna mwingine anayeigusa.

Ikishawaka fungua teminali andika `cat /proc/mdstat`. Ukiona [UU] maana yake diski zote mbili ziko hai, na kama chini yake kuna neno resync na asilimia inapanda, ndo hiyo kazi ya kunakili inaendelea. Subiri iishe, halafu kama hauoni neno bitmap popote hapo, andika `mdadm --grow --bitmap=internal /dev/md0` ukiwa kama root, yaani msimamizi wa mashine (mdadm ndo programu ya kusimamia reidi, md0 ndo jina la reidi yako). Bitmap ni ramani ndogo inayokaa kwenye diski zenyewe, inaonyesha ni maeneo gani yalikuwa yanaandikwa muda huo, kwa hiyo umeme ukirudi reidi inanakili maeneo hayo tu badala ya TB 2 nzima. Masaa yanageuka dakika, pengine sekunde. Kuandika kunakuwa kuzito kidogo, kwa kazi ya stationery hutagundua.

Hilo ni moja. Twende kwenye fsck yenyewe, maana kwa kawaida haitakiwi kuchukua muda hivyo. Zamani enzi za ext2 kila umeme ukikatika ilikuwa lazima diski nzima ipitiwe, kila faili, kila folda, hamna njia ya mkato. Mwaka 2001 ext3 ikaingia kwenye Linux na kitu kipya, daftari la mabadiliko: kabla mfumo haujagusa orodha zake unaandika kwanza kwenye daftari unachotaka kufanya, umeme ukikatika ukirudi unasoma daftari tu unamalizia au unaacha. Ext4 iliyotangazwa kuwa tayari mwaka 2008 nayo inafanya hivyo. Kwa hiyo mashine yenye daftari ikikaa dakika arobaini ni kwamba kuna sababu nyingine, na sababu utaziona ukiandika `tune2fs -l /dev/md0`. Angalia sehemu tatu. Maximum mount count ikiwa ni namba kama 30 hivi, maana yake kila ikiwashwa mara hizo inajilazimisha ukaguzi kamili hata kama iko nzima. Check interval ikiwa miezi 6 ni hivyo hivyo kwa tarehe. Hizo zilikuwa zinawekwa zenyewe zamani, kuanzia mwaka 2011 programu ya kutengeneza ext ikaacha kuziweka, kwa hiyo kama mashine yako ilifungwa kwa sidii ya zamani au ilihamishwa kutoka mashine nyingine utazikuta. Na ya tatu ni Filesystem state, ikisema clean sawa, ikisema clean with errors hapo ndo kuna jambo, maana yake mfumo ulishajikuta na kosa ukiwa kazini na unajikagua kwa haki yake.

Sasa kuzima. Mpwa wako nadhani anataka kuweka 0 kwenye namba ya mwisho ya mstari wa /etc/fstab, faili inayoorodhesha diski za kufunguliwa mashine ikiwaka. Mi nisingefanya hivyo, kwa sababu hapo umezima hata ule ukaguzi wa lazima siku mfumo wenyewe unalia una kosa, utaendelea kuandika kazi za watu juu ya orodha iliyoharibika. Namba ya mzizi (mstari wenye / peke yake) iache 1, za mifumo mingine ya faili 2. Zima hesabu na tarehe tu, `tune2fs -c 0 -i 0 /dev/md0`, halafu ukaguzi kamili ufanye mwenyewe siku duka limefungwa: ikianza kuwaka kwenye menyu ya GRUB (ile inayotokea kabla Linux haijawaka) bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux ongeza `fsck.mode=force`, bonyeza Ctrl na X, nenda kanywe chai. Hiyo ni ya mara moja, haibaki. Mi kwa mashine ya biashara ningefanya kila baada ya miezi mitatu minne.

Na ikiwa imeshaanza kurekebisha, nakuomba, kitufe cha kuzimia usikiguse hata mteja akisema anaondoka.

SWALI: Mimi ni mwalimu Morogoro, nasimamia maabara ya kompyuta ya shule. Seva yetu ina diski mbili za reidi. Siku moja iligoma ikaandika UNEXPECTED INCONSISTENCY. RUN fsck MANUALLY. Tukaita fundi, akaja na flashi ya Linux, akawashia hiyo, akarun fsck -y /dev/sda1, ikarekebisha vitu vingi sana, seva ikawaka. Tangu hapo ni maajabu, leo inawaka bila neno, kesho inasema kuna makosa, faili ya mitihani ukiifungua asubuhi iko sawa mchana imeharibika. Fundi anasema diski ni mbovu tununue. Ni kweli?

JIBU: Mwalimu, diski inaweza ikawa nzima kabisa. Tatizo ni hiyo sda1.

Ukishakuwa na reidi, mfumo wa faili unaishi kwenye /dev/md0, au md127 au vyovyote ilivyoitwa, sio kwenye sda1 wala sdb1. Hizo mbili, kipande cha diski ya kwanza na cha diski ya pili, ni malighafi tu. Mashine ikiwa imewaka kawaida usingeweza kufanya alichofanya fundi, Linux ingemkatalia ikasema diski inatumika. Lakini alikuja na flashi, na kwenye flashi reidi haikuwa imeunganishwa, kwa hiyo sda1 ilikuwa imekaa tu peke yake na fsck ikaiona kama diski ya kawaida, ikairekebisha vizuri tu. Diski moja ikabadilika, ya pili haina habari. Halafu mkazima, mkawasha kwa reidi, na reidi ikaangalia lebo zake mwenyewe, yale maelezo mafupi inayoyaweka kwenye kila diski, ikakuta zinalingana, maana fsck haikugusa lebo, ikasema hawa ni mapacha, twende kazi.

Na hapo ndo maajabu yako yanapotoka. Reidi ya kioo ikisoma haisomi diski zote mbili na kulinganisha, inachukua yoyote ambayo iko karibu au haina kazi, ili iwe haraka. Kipande kile kile leo kimesomwa sda, kesho kimesomwa sdb, na viko tofauti. Fsck nayo inasoma hivyo hivyo, kwa hiyo inaweza ikapita leo ikakataa kesho bila mtu kugusa chochote. Kila ikirekebisha inarekebisha mchanganyiko.

Wengine mtauliza kwa nini ilikubali kabisa. Inategemea lebo ya reidi imekaa wapi. Lebo za aina ya 0.90 na 1.0 zinakaa mwishoni mwa diski, kwa hiyo ukiangalia diski moja peke yake kuanzia mwanzo inafanana kabisa na ext ya kawaida, na watu walizipenda kwa ajili hiyo, kompyuta za zamani ziliweza kuanza kuwaka kutoka diski moja bila kuijua reidi. Aina ya 1.2, ambayo mdadm inaitumia yenyewe siku hizi usipochagua, inakaa KB 4 kutoka mwanzo na data inaanzia mbele zaidi, kwa hiyo fsck ya ext kwenye sda1 inakataa, inasema Bad magic number in super-block. Huo ujumbe ukiuona kwenye mashine ya reidi mshukuru Mungu na uache hapo hapo, usianze kuitafutia superblock (kipande cha utambulisho wa mfumo wa faili) ya akiba kwa -b 32768 kama unavyoelekezwa ukigugo, maana unalazimisha mlango ambao umefungwa makusudi.

Sasa cha kufanya, na naomba kifanyike kwa utaratibu huu. Kwanza kabisa acheni kuandika chochote, mitihani na matokeo yote mnayoweza kuyafungua yanakiliwe kwenye diski ya nje leo hii, hata kama baadhi yameharibika. Pili, washa kwa flashi, hakikisha reidi haijaunganishwa, na kama imeunganishwa itoe kwa `mdadm --stop /dev/md0`. Hapo endesha `fsck.ext4 -n /dev/sda1` halafu `fsck.ext4 -n /dev/sdb1`. Ile n ndo muhimu, inasoma tu na kila swali inajijibu hapana, haiandiki hata herufi, ndo maana hapa nakuruhusu kuigusa diski moja moja na kwingine kote nakukataza. Utaona moja inalalamika kidogo nyingine inalalamika kurasa na kurasa. Yenye malalamiko machache ndo utakayoanza nayo, lakini usiitupe ya pili bado.

Tuseme nzuri ni sdb1. Unganisha reidi kwa hiyo peke yake, `mdadm --assemble --run /dev/md0 /dev/sdb1`, halafu sasa ndo fsck halisi, `fsck -f /dev/md0`. Ikiisha ifungue, pitia faili za watu, angalia folda ya lost+found maana vilivyokosa mwenyewe vinatupwa humo vikiwa na namba badala ya majina, na vingine ni vya thamani kweli kweli. Ukigundua kuna vitu havipo kabisa, bado unayo sda1 haijaguswa, unaweza kuifungua kwa kusoma tu na kutafuta.

Ukisharidhika, na sio kabla, ndo unarudisha sda1. Hapa nako mafundi wanateleza: wanaandika --re-add, na kama reidi ina ile bitmap niliyomwambia msomaji wa Mwanza, itanakili maeneo yaliyobadilika tangu diski itoke tu, ule uharibifu wa zamani unabaki pale pale na mnaanza upya maajabu. Ifute lebo kwanza, `mdadm --zero-superblock /dev/sda1`, halafu `mdadm /dev/md0 --add /dev/sda1`. Hapo reidi inaiona kama mgeni na inanakili yote mwanzo mpaka mwisho. Hakikisha mara mbili umeandika a na sio b kwenye hiyo ya kufuta, maana ukikosea hapo hamna wa kumlaumu.

Kuna njia ya mkato ambayo huyo fundi anaweza kuiona mtandaoni, kuandika neno repair kwenye /sys/block/md0/md/sync_action. Mkataze. Repair kwenye reidi ya kioo haijui nani mkweli, inachukua kilichopo diski ya kwanza kwenye orodha inakibandika juu ya ya pili. Neno check ndo salama, linalinganisha tu na kuandika idadi ya tofauti kwenye mismatch_cnt, na baada ya kazi hii yote mngelitumia kuona kama imerudi sifuri. Ikibaki na namba ndogo na kwenye reidi hiyo hiyo kuna swop (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa), usishtuke sana, swop ina kawaida ya kuacha tofauti zisizo na madhara.

Diski nazo zipime kwa `smartctl -a`, ukikuta Current_Pending_Sector au Reallocated_Sector_Ct zinapanda wiki hadi wiki, hapo fundi atakuwa na hoja ya kununua.

SWALI: Sasa fundi, niko Mombasa. Nilikuwa na komputa ya diski moja, nikanunua ya pili nikaziunganisha reidi bila kuformat, nikatumia lebo ya mwisho wa diski ndio data isipotee. Ilikubali. Lakini nikiboot inasema filesystem size ni kubwa kuliko physical size ya device, either the superblock or the partition table is likely to be corrupt. Nikirun fsck -y inamaliza haraka lakini kesho iko pale pale.

JIBU: Inamaliza haraka kwa sababu haijafanya chochote ndugu yangu. Baada ya ujumbe huo fsck inauliza Abort, na wewe umeipa -y yaani jibu ndio kwa kila kitu, kwa hiyo imejibu ndio, imeacha, imeondoka. Soma maandishi utaona Abort? yes.

Kilichotokea: lebo ya reidi imechukua kasehemu kadogo mwishoni mwa diski, mfumo wa faili ulijengwa ukiamini kasehemu hako ni kake. Siku diski ikijaa mpaka huko mwisho utapata makosa ya kuandika. Ilitakiwa kabla ya kuunganisha uupunguze mfumo wa faili kwa resize2fs ukiwa bado kwenye diski moja, hata MB chache zinatosha, ndipo ufunge reidi juu yake. Wapo wanaopunguza baada ya kufunga, lakini ushauri wangu ni toa data yote nje, tengeneza ext4 mpya juu ya /dev/md0, rudisha data. Ni siku moja ya kazi na hutawaza tena.

SWALI: Hapa Kigoma mashine yangu kila nikiwasha asubuhi inasema Superblock last mount time is in the future, inajikagua, halafu inaendelea. Haikukatika umeme wala nini, jioni naizima vizuri tu na kuchomoa ukutani. Diski mbili zote mpya.

JIBU: Betri ya madabodi imekufa. Ile ya duara kama sarafu, CR2032, ya volti 3, ambayo inalinda saa mashine ikiwa haina umeme. Ukichomoa saa inarudi miaka nyuma, asubuhi fsck inalinganisha tarehe ya leo na tarehe ya mwisho kufunguliwa kwa diski, inakuta diski imefunguliwa siku ambayo bado haijafika, inaona hapa kuna uhuni. Badilisha betri, weka saa sawa, andika `hwclock --systohc`. Kama ni mashine ambayo haifunguki kirahisi, kwenye /etc/e2fsck.conf chini ya [options] unaweza kuweka broken_system_clock = true, lakini betri ni bei ya soda, nunua betri.

SWALI: Mnaongea Linux tu. Sisi wa Windows wenye diski mbili za kioo je? Yangu stima ikipotea ikirudi inafanya chkdsk kwanza, na kwenye Disk Management imeandikwa Resynching. (Nairobi)

JIBU: Ni yale yale mawili, majina tu. Chkdsk ni mfumo wa faili unajikagua, Resynching ni kioo kinajinakili. Windows inaacha alama kwenye diski kwamba haikufungwa vizuri, ukitaka kujua kama alama ipo andika `fsutil dirty query C:` kwenye komandi ya admini. Kuanzia Windows 8 unaweza kufanya `chkdsk C: /scan` ukiwa unaendelea na kazi, ni nzuri. Ile ya /r iache kama huna sababu, inasoma kila sehemu ya diski hata isiyo na kitu, na kukiwa na Resynching juu yake utalala ofisini. Subiri Resynching iishe kwanza.

SWALI: Nikinunua UPS si haya yote yanaisha? Na nimesikia XFS na Btrfs hazina mambo ya fsck kabisa, nihamie huko?

JIBU: UPS ambayo haijaunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB inakuchelewesha tu kuzimika. Ukiwa haupo dukani betri inaisha, mashine inazimika ghafla vile vile. Iunganishe, weka programu kama NUT au apcupsd, iambie betri ikibaki kidogo mashine ijizime yenyewe kistaarabu. Hapo ndo umenunua UPS.

XFS ni kweli ikiwaka haikagui, ukiiangalia ile fsck.xfs haifanyi kitu, inasema sawa inaondoka, inategemea daftari lake. Siku ikiharibika utatumia xfs_repair, na sheria ni ile ile, kwenye md, kamwe sio kwenye sda.

Btrfs na ZFS ni habari nyingine na mi nazipenda kwa hili la kioo. ZFS ilitoka kwa Sun mwaka 2005, Btrfs ikaingia kwenye Linux mwaka 2009, na zote mbili zinashika kioo na mfumo wa faili kwa pamoja, na kila kipande kina namba yake ya uhakiki. Kwa hiyo kwa mwalimu wa Morogoro, sda na sdb zingetofautiana mfumo ungesoma kipande, ungekuta namba hailingani, ungechukua cha diski ya pili na kurekebisha cha kwanza palepale. Ile reidi ya kawaida haina uwezo huo, ikikuta tofauti haijui nani anadanganya. Kuhamia ni kufomati, kwa hiyo usihame kwa sababu ya dakika kumi za asubuhi, hama siku unafunga mashine mpya, na ukihama panga scrub ya kila mwezi, yaani ukaguzi unaosoma kila kipande, maana namba za uhakiki hazisaidii kama hamna anayezisoma.

SWALI: Nimefungua /proc/mdstat kama ulivyowahi kuelekeza, nimekuta [U_]. Hiyo kistari ni nini? Mashine inafanya kazi vizuri tu na ikiwaka haijikagui.

JIBU: Kistari ni diski ambayo haipo. Unafanya kazi na diski moja, na hujui tangu lini, inaweza ikawa wiki inaweza ikawa mwaka. Kuwaka bila kujikagua hakuna maana hapa, fsck inaangalia mfumo wa faili tu, diski moja ikiwa na mfumo mzima itasema safi.

Leo hii nakili data nje kwanza, kabla hujagusa kebo. Halafu `dmesg` na `mdadm --detail /dev/md0` zitakuambia ni ipi imetoka. Mara nyingi ni kebo ya SATA imelegea au diski imechelewa kujibu ikatolewa, mara nyingine imekufa kweli, ipime kwa smartctl kabla ya kuirudisha.

Na nyie wengine wote, wekeni anwani yenu ya barua pepe kwenye mstari wa MAILADDR ndani ya /etc/mdadm/mdadm.conf, halafu jaribuni kwa `mdadm --monitor --scan --test --oneshot` muone kama barua inafika, maana kwa mashine nyingi za nyumbani haifiki, hamna programu ya kutuma barua iliyowekwa. Na kwa wenye maduka: Debian na Ubuntu kwa miaka mingi zimekuwa na ukaguzi wa reidi wa kila mwezi uliopangwa Jumapili ya kwanza usiku wa manane, na nyie usiku mashine mnazima. Ihamishieni kazi hiyo mchana wa siku isiyo na wateja, au ufanyeni wenyewe kwa `/usr/share/mdadm/checkarray -a`.